Hatua Thelathini Nyuma ya Mama Mkwe

Kwa miaka sita tangu nimwoe binti yake, sikuwahi kumgusa mama mkwe wangu hata kwa ncha ya kidole. Sikuwahi kula mbele yake, wala kukaa kwenye kiti alichotoka kukikalia. Nikimwona anakuja kwenye njia ya kwenda sokoni, nilikuwa naacha njia, naingia kwenye majani na kusimama huko nimeinamisha kichwa mpaka apite. Nilimwamkia shikamoo kutoka kwenye majani, naye akaitika marahaba bila kusimama.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia bonde la Kilombero na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Mimi nimesoma huku, nimecheza mpira huku, na sasa ni fundi wa kuchomelea vyuma kwenye shamba la miwa, lakini baba hakuniacha nisahau kwamba mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mama mkwe mwenyewe ni Mndamba. Kwao heshima ya mkwe ipo, ila si kali namna hiyo. Mwanzoni alinicheka. Alimuuliza mke wangu kama namwogopa au kuna jambo nimemkosea. Baadaye akazoea, na alipozoea akapenda. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake huwasimulia wenzake wa kwaya kuwa katika mji mzima wa Ifakara anayempisha njia ni mmoja tu, naye ni mkwe wake.

Alikuwa mjane. Alifanya kazi ya upishi kwenye shule ya wasichana mpaka akastaafu, na mikono yake ilikuwa bado ile ya kusonga ugali wa bweni zima. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti nzito. Aliishi Lipangalala, mitaa miwili kutoka kwetu, na jioni nyingi alikuja kukaa na wajukuu wake. Akija, mimi nilihamia chumbani au nje. Kwa hiyo hadithi ya ngome aliyokuwa akiwasimulia wajukuu, mimi sikuwahi kusimuliwa. Niliisikia nikiwa upande wa pili wa ukuta.

Bibi yake, mama wa mama yake, alikuwa mtoto mdogo sana wakati wavamizi walipokuwa wakishuka bondeni kuchukua watu na kuchoma mpunga. Hiyo ilikuwa kabla ya Mjerumani. Watu wa tambarare walikimbilia kilima kilicho juu ya pale ambapo leo ni kijiji cha Mbingu, maana huko walikuwa wamejenga ngome ya mawe. Mlango wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba mtu mzima aliingia kwa magoti, ili hata adui akija aanze kuingiza kichwa. Watoto walipitishwa mkono kwa mkono. Bibi alisema hakumbuki sura ya mtu hata mmoja wa siku ile, anakumbuka mikono tu. Aliyasimulia hayo akiwa kikongwe asiyeona tena, na mama mkwe wangu, wakati huo binti mdogo, ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka uani.

Katika ukoo wao hakukuwa na aliyewahi kuiona ngome hiyo. Njia haikuwepo, msitu ulikuwa umefunga, na kwenye kwaya wapo waliosema kwamba ni hadithi za wazee. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa saba, redio ya hapa kwetu ikatangaza kwamba wanakijiji wamefyeka njia mpaka juu, na mgeni akitaka kupanda atapewa mtu wa kumwongoza. Asubuhi yake mama mkwe alikuwa mlangoni kwetu kabla chai haijachemka.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mke wangu angempeleka mama yake. Mimi nilikuwa likizo, kwa hiyo ningefuata nyuma na mizigo. Mke wangu angekuwa mkono wa mama yake, mimi ningekuwa mgongo wa kubebea maji.

Siku mbili kabla ya safari mke wangu akashikwa na malaria. Asubuhi ya safari alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili, jirani yetu akiwa ameshakuja kumwangalia yeye na watoto. Nikasema tutakwenda wiki nyingine. Mama mkwe alikuwa amesimama nje, amevaa raba mpya nyeupe, kitenge amekifunga vizuri, khanga mabegani, hotpoti ya wali na kambale iko kwenye kikapu. Nilimwona kupitia pazia akiinama kufunga tena kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Mpeleke," mke wangu alisema.

Nikamwambia anajua siwezi. Akasema kutakuwa na mwongozaji. Pakihitajika mkono, mwongozaji atatoa mkono.

"Wewe beba maji tu," alisema. "Amesubiri tangu akiwa mtoto."

Tukaondoka. Kwenye gari mama mkwe alikaa mbele na dereva, mimi kiti cha mwisho nyuma. Mbingu tuliandikishwa ofisi ya kijiji na kukabidhiwa mwongozaji, mwanamume wa rika langu, mkulima wa kokoa, mwenye gambuti na panga. Alimtazama mama mkwe, akakitazama kilima, kisha akaniuliza mimi kama mama ana presha. Mama mkwe akajibu mwenyewe kwamba presha anayo, dawa ameshameza, na kupanda atapanda.

Tatizo la kwanza lilikuwa mpangilio wa kutembea. Nikitangulia, yeye atabaki mwisho bila mtu nyuma yake. Nikifuata, njia inapanda, na kumfuata mkwe kwenye mlima ni kumtazama kutoka chini, jambo ambalo hata sasa naona aibu kuliandika. Nikaamua kufuata nyuma, lakini mbali, kama hatua thelathini hivi, macho chini. Kwa hiyo safari ile kwa sehemu kubwa niliiona kama alama za raba zake kwenye udongo. Tulipita kwenye mashamba ya kokoa, matunda ya manjano yamening'inia kwenye mashina. Tukapita migomba, tukavuka kijito, tukaingia msituni ambako jua lilifika chini vipande vipande. Mwanzoni nilimsikia akiimba. Baadaye alinyamaza, nikawa nasikia pumzi yake tu.

Wakisimama, nami nilisimama. Penye mawe makubwa mwongozaji alimpa mkono na kumvuta. Walipokula, mimi nilikula nyuma ya mti, nimewapa mgongo. Mwongozaji akauliza kama tuna ugomvi. Mama mkwe alicheka sana, akamweleza. Yule bwana akatikisa kichwa na kusema kwamba heshima ya namna hiyo ni nzuri, ila msituni itakuwa ngumu. Nakumbuka nilijisikia fahari kule nyuma ya mti, mdomo umejaa wali.

Ilipokaribia saa saba mchana mwongozaji aliita kutoka mbele kwamba ukuta unaonekana. Nikainua macho. Juu yetu, katikati ya miti, kulikuwa na mstari mweusi wa mawe. Haukuwa mbali. Mtu mzima angehesabu hatua hamsini, sitini. Mama mkwe naye aliuona, maana aliongeza mwendo. Mwongozaji alikuwa mbele kidogo akikata tawi lililoangukia njia, na mimi nilikuwa kule kwenye nafasi yangu ya heshima. Karibu naye hakukuwa na mtu.

Nilisikia mawe yakiporomoka, kisha mlio mkavu, mfupi. Halafu nikamsikia yeye akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, "Mguu wangu."

Nilipanda mbio. Nilipofika kama hatua tatu kutoka alipoanguka, miguu yangu ikasimama. Sikuiamuru. Ilisimama tu, kama ng'ombe afikapo kwenye daraja asilolijua. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeingia katikati ya mawe mawili, na unyayo ulitazama upande usiostahili. Mwongozaji akashuka, akayasogeza mawe, akautoa. Mama mkwe aliuma upindo wa khanga, machozi yakimtoka bila sauti. Mwongozaji alikata fito mbili, akachana kipande cha khanga, akafunga. Muda wote huo mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya maji. Nilimpa mwongozaji, yeye akampa mama. Hata wakati ule.

Mwongozaji akapima mambo. Alisema wawili hatuwezi kumshusha, na aliponitazama nilijua anahesabu mmoja na nusu. Zilihitajika machela na watu wasiopungua sita. Simu pale haikushika, ingawa juu ukutani wakati mwingine mtandao hupatikana. Angekimbia kijijini, na pengine saa tatu baadaye angekuwa amerudi na watu. Aliniuliza kama nitaweza kukaa naye. Nikasema nitaweza.

Tukabaki wawili. Nilikaa kama hatua kumi kutoka kwake, ubavu, nikitazama bondeni ili nisimtazame yeye. Kule chini mashamba ya mpunga yalikuwa yamevunwa, yamebaki rangi ya mkeka wa zamani, na mto ulionekana kama uzi. Alitaka maji. Niliweka chupa juu ya jiwe katikati yetu, nikarudi nyuma. Alinyoosha mkono, hakuifikia. Nikachukua fimbo, nikaisukuma chupa taratibu mpaka ikamfikia. Akanywa. Alisema anajionea aibu kukaa pale kama gunia la mpunga. Nikasema pole mama. Baada ya muda nikasema tena pole mama.

Kisha akaniambia nipande nikaitazame ngome.

Nikasema siwezi kumwacha peke yake.

"Uko hapo unafanya nini?" aliuliza.

Hakusema kwa ukali. Lilikuwa swali. Mguu sikuweza kuushika, wala mgongo kuuegemeza, na nzi waliokuwa wakimtua usoni sikuweza kuwafukuza.

"Panda, baba," alisema. "Mpigie mwanangu simu. Halafu unitafutie ule mlango."

Nikapanda.

Ukuta ulikuwa wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Mahali pengine ulinifika kifuani, mahali pengine ulikuwa umelala. Ukungu wa kijani uliufunika wote, na mizizi ya mti mmoja mkubwa iliushika kama vidole vilivyoshika ukingo wa chungu. Ndani palikuwa tambarare, majani makavu yamefika vifundoni. Nilisimama juu ya jiwe la ukutani, nikainua simu, na mstari mmoja wa mtandao ukatokea.

Mke wangu alipokea kwa furaha. Sauti ilikuwa ya homa lakini ya furaha. Alidhani nampigia kumwambia tumefika. Nikamwambia mama ameanguka, mguu umevunjika, watu wanakuja.

"Mpe simu nizungumze naye," alisema.

"Siko naye. Niko juu, kwenye mtandao. Yeye yuko chini kidogo."

"Umemwacha peke yake?"

Nikasema mama mwenyewe ndiye aliyenituma. Mtandao ukakatika. Nilijaribu tena mara tatu, nne, nikizunguka na simu juu ya kichwa, haikuita.

Ningepaswa kushuka. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko jambo lolote maishani mwangu. Lakini nilijua nikishuka nitakaa tena zile hatua kumi, ubavu, nikisema pole. Kuutafuta mlango ndiyo iliyokuwa kazi pekee niliyopewa siku ile ambayo mikono yangu iliruhusiwa kuifanya. Nikauzunguka ukuta wote. Upande wa magharibi ulikuwa umeporomoka na kuwa lundo la mawe lililomwagika mteremkoni. Nilipiga magoti kwenye kila uwazi niliouona. Niliondoa majani kwa mikono, nikaingiza kichwa kwenye shimo moja, likawa pango la mnyama. Nikazunguka tena. Msitu ule una sauti nyingi, ndege, mbega, matawi yanayosuguana. Mara moja au mbili nilisikia kitu kama mwito, nikasimama, sikukisikia tena, nikaendelea.

Niliposhuka, kwanza niliona khanga ikipanda na kushuka. Alikuwa anajipiga nayo miguuni. Nilipokaribia nikaona ardhi pembeni yake inatembea. Siafu. Mstari mweusi mpana ulikuwa umetoka chini ya majani, ukatawanyika, ukampanda. Alikuwa amejaribu kujisogeza kwa viganja, na kwenye udongo kulikuwa na alama ya umbali aliofika, kama mkono mmoja hivi.

"Nishike," alisema.

Nilimshika. Niliingiza mikono chini ya makwapa yake kutoka nyuma, nikavuta. Nilikuwa nimewaza kumbeba, lakini alikuwa mzito kuliko nguvu zangu na mteremko ulikuwa na mawe yasiyoshika. Nikaweza kuburuta tu. Nilimburuta kwenda pembeni, kuelekea jiwe pana lililokuwa halina majani. Fito za mguuni zikafunguka. Unyayo ukagonga mzizi, nikaona, nikaendelea kuvuta kwa sababu siafu walikuwa wameshafika shingoni kwangu. Ukagonga tena. Alipiga ukelele mmoja. Baada ya hapo hakutoa sauti, na ule ukimya ulinitisha zaidi.

Juu ya jiwe nilimtoa siafu mmoja mmoja. Wanapouma hawaachii. Ukivuta, mwili unatoka na kichwa kinabaki. Niliwatoa vifundoni, kwenye muundi uliovimba, chini ya kitenge mpaka magotini, kwenye nywele zake za mvi, nyuma ya masikio. Nilikuwa nalia. Yeye aligeuza uso upande wa pili na kuutazama mti muda wote, nami namshukuru kwa hilo. Nilipomaliza nikazifunga tena zile fito. Mwongozaji aliniambia baadaye kwamba nilizifunga vibaya.

Nikarudi kukaa hatua chache kutoka kwake. Mikono yangu sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nimeikunja mapajani kama mtu aliye kanisani.

Baada ya muda mrefu akauliza, "Mlango umeuona?"

Ningeweza kusema nimeuona. Nani angenikatalia? Ningesema ni mfupi, una jiwe refu juu yake, nimepita kwa magoti. Maneno yote nilikuwa nayo tayari.

"Sikuuona, mama," nilisema. "Upande mmoja umeanguka wote. Pengine ulikuwa huko."

"Basi," alisema, akafumba macho.

Watu walikuja wanane, na machela ya miti miwili na magunia. Walimwinua kwa mara moja, bila kubishana, mmoja akimwita mama, mwingine bibi. Waliteremka naye haraka, wakipokezana, wakionyana penye utelezi. Mimi nilitembea nyuma yao nikiwa na kikapu chenye hotpoti tupu na raba moja nyeupe. Jua lilikuwa halijazama tulipofika barabarani. Mke wangu tulimkuta kwenye lango la hospitali Ifakara, amevaa sweta, midomo imekauka kwa homa. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia juu ya machela, na hakunitazama.

Daktari alituonyesha picha. Hata mimi nisiyejua kusoma picha hizo niliona mfupa mmoja umekuwa vipande viwili visivyotazamana. Akauliza kama mgonjwa alivutwa au kuburutwa baada ya kuanguka. Nikasema aliburutwa, nikasema ni mimi. Akaandika. Nilimuuliza kama mfupa ulihama kwa sababu hiyo. Akasema huenda, na huenda ulihama pale pale alipoanguka, na kwamba sasa hakuna namna ya kujua. Alisema kwa upole. Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu na alisikia yote.

Kuhusu kuburuta hakuniuliza kamwe. Aliniuliza jambo moja tu, siku ya tatu, tukiwa kwenye benchi nje ya wodi. Aliuliza kwa nini nilipanda juu. Nikamweleza tena kwamba mama alinituma.

"Alikutuma, ukaenda," alisema.

Akainuka, akaingia wodini.

Mama mkwe alifungwa plasta, ikafunguliwa, mguu ukanyooshwa, ikafungwa tena. Ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na umegeuka kidogo nje. Wanawe wa kiume wako mbali, mmoja Dar es Salaam, mwingine Mwanza, kwa hiyo tulimhamishia kwetu. Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Nikaanza kutoka kwa mlango wa jikoni na kuingia kwa mlango wa jikoni. Nilikula chakula changu nyuma ya nyumba, karibu na kuku. Nilimtengenezea kifaa cha kutembelea, cha mabomba, nilichokichomelea kazini wakati wa mapumziko na kukipaka rangi ya bluu. Alikijaribu mara moja, akamwambia mke wangu kuwa ni kizuri lakini kizito kama geti. Sasa tunakitumia kuanikia nguo za watoto. Yeye alichukua fimbo.

Nilipomweleza baba habari ya kumshika mkwe, alisema kwenye simu kwamba lazima jambo hilo lisafishwe. Alikuja mwenyewe, akiwa na ndugu yake mmoja na mbuzi jike mweupe. Walikaa uani. Mama mkwe alitolewa nje, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mguu ameunyoosha mbele. Mimi nilisimama nyuma ya baba. Baba akazungumza kwa utaratibu wa kwao. Alisema mtoto wake alimgusa mkwe wake, alimshika mwilini, alimwona pasipostahili kuonwa, na kwamba hakufanya kwa dharau bali kwa shida. Alisema wamekuja kuomba radhi na kuirudisha heshima mahali pake.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Mwanzoni alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Mzee mwenzangu, asante kwa mbuzi," alisema. "Lakini kunishika si kosa. Mimi ndiye niliyesema anishike." Akaisogeza fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Nilimwita. Wale wadudu walipoanza nilimwita, nikamwita, nikamwita. Hakuja. Nilidhani amekaa mahali ananisikia, anaona aibu kuja."

Baba aligeuka kunitazama. Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Nilitaka kusema sikusikia. Lakini nilikuwa nimesikia, mara moja au mbili, nikasimama, nikaendelea. Nilitaka kusema nilidhani ni mbega. Nani anasema hivyo mbele ya mkwe wake, kwamba nilikusikia nikadhani wewe ni mbega?

"Nilikuwa natafuta mlango, mama," nilisema.

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kutazamana naye machoni, na ni mimi niliyeinamisha kichwa kwanza.

"Najua," alisema. "Na ni mimi niliyekutuma. Ndiyo maana sina wa kumlaumu."

Baba hakuwa na maneno ya utaratibu kwa jambo hilo. Alikohoa, akasema basi mbuzi achinjwe, na mbuzi akachinjwa, majirani wakaja, wakala. Wazee waliondoka siku ya pili na gari la asubuhi. Baba aliponiaga alinishika bega muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema nimtunze mkwe wangu, akapanda.

Ni miaka miwili sasa. Mama mkwe bado yuko kwetu. Kwaya amerudi, huimba akiwa amekaa. Simulizi ya ngome hawasimulii tena wajukuu, na mtoto wetu mkubwa alipomwomba, alimsimulia habari ya shule aliyokuwa akipika, siku panya alipotumbukia kwenye sufuria ya maharage. Nilisikiliza nikiwa upande wa pili wa ukuta. Watoto walicheka, naye akacheka.

Jumapili namwitia bajaji mpaka getini. Dereva humshika mkono na kumpandisha, maana mguu ule haupandi vizuri. Mimi nasimama kando kidogo, nimeshika fimbo yake, na akishakaa naiegemeza pale anapoweza kuifikia.